Alamu Niliyosema Ililia

Kwanza nikuondolee shaka mapema. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, na mahali penyewe ni Lukole, hapa hapa wilayani Ngara. Mkaratusi nilioegesha gari chini yake upo hadi leo. Ukitaka kuuona nitakuelekeza. Kukusindikiza siwezi.

Mimi nauza mbegu na dawa za mazao Ngara mjini. Mke wangu, Adela, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna mtoto mmoja, Anitha, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Tuliponunua gari letu la kwanza, gari dogo la mtumba, Adela alikuwa amesikia redioni habari za mtoto aliyesahauliwa ndani ya gari juani akafa. Habari ile ilimkosesha usingizi. Akampigia kaka yake aliyeko Mwanza, na kaka akatutumia kifaa: kimto chembamba cha kutandika kwenye kiti cha mtoto, kinachowasiliana na simu bila waya. Mtoto akikaa, kinajua. Mzazi akishuka akaenda zake na simu mfukoni huku mtoto yuko kitini, simu inapiga kelele za kutoboa masikio. Sisi tukakiita alamu, basi.

Mwezi wa kwanza kiliniudhi, maana kililia hata nilipoweka mfuko wa mbegu kwenye kile kiti. Baadaye nikakizoea. Na kadiri nilivyokizoea ndivyo nilivyoacha kugeuka nyuma kutazama kiti. Nigeuke ya nini, wakati kuna kitu kinageuka badala yangu?

Siku hiyo msichana wetu wa kazi alikuwa amekwenda kuzika kwao Bisibo, na Adela alikuwa anasimamia mitihani. Nikabaki na Anitha. Asubuhi mteja wangu mmoja wa Lukole, Mzee Gervas, akanipigia kwamba viwavijeshi vimeingia kwenye mahindi yake. Nikamfunga mtoto kitini, tukaondoka. Njiani akalala. Simu yangu ilikuwa karibu kuzima, nikaichomeka kwenye chaja ya gari.

Nilipofika niliegesha kivulini, nikapandisha vioo kwa sababu ya vumbi, nikachukua mkoba wa dawa, nikashuka na kufunga milango. Simu ikabaki kwenye chaja.

Umeona kosa? Mimi sikuliona. Kile kifaa hakimjui baba, kinaijua simu. Na simu ilikuwa palepale, hatua moja kutoka kwa mtoto. Kwa akili yake, baba yupo.

Mzee Gervas alinipokea uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Anitha. Karibu. Mama hajambo? Na mtoto?"

"Hawajambo wote," nikasema.

Niamini, ndivyo nilivyojibu. Nimeulizwa habari za mtoto, nikasema hajambo, wala haikunijia kabisa kwamba yuko garini. Mimi mwenyewe hadi leo sielewi ilikuwaje. Watu huniuliza, ulikuwa unawaza nini? Nilikuwa nawaza viwavi. Mke wa mzee, Mama Gaudensia, akaleta ndizi na maharage. Nikanawa, nikala, tukaongea habari za mvua, nikacheka. Ilipita karibu saa nzima. Kivuli cha mkaratusi kilikuwa kimeshalihama gari langu, nami nashushia chakula kwa maji ya mtungini, ya baridi.

Kisha tukaenda shambani. Njia inapita katikati ya migomba, mzee mbele, mimi nyuma. Hapo ndipo nilipomwona mwanamke amesimama kando ya njia. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe kama majivu. Mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, lakini ilikuwa imelala bapa, haina mtu ndani. Akaniuliza kwa Kirundi, "Umwana ari hehe?" Yaani, mtoto yuko wapi? Mimi ni Mhangaza, lugha yetu ni jirani na Kirundi, nakisikia vizuri. Nikadhani amepotelewa na mwanawe.

"Sijamwona, mama," nikamjibu, nikapita.

Nilipomfikia Mzee Gervas nikamuuliza, "Yule mama anatafuta mtoto gani?"

"Mama yupi?" akasema, akatazama nyuma, akatazama mbele, akaendelea kutembea.

Hatukumaliza hatua ishirini, mwanamke yuleyule akawa mbele yetu. Mbele, nakuambia, na njia ni ile moja, na hakuna aliyetupita. Mzee akapita karibu naye kama anavyopita karibu na mgomba. Mimi nikasimama. Akaniuliza tena, taratibu, "Umwana ari hehe?" Hakuwa na hasira wala machozi. Kisha akanigeuzia mgongo ili niitazame mbeleko yake, na kutoka kwenye kile kitambaa kitupu likanipiga joto usoni, joto kavu, kama unapofunua chungu kilichosahauliwa jikoni kikaungua. Akasema, safari hii kwa Kiswahili, "Nilisema narudi sasa hivi."

Ndipo nilipokumbuka.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka funguo ziliniponyoka mara mbili. Gari lilikuwa juani lote. Na vioo, ndugu yangu, vioo vyote vilivyokuwa na vumbi vilijaa alama za viganja kwa nje, juu hadi chini, kioo cha upande wa Anitha zaidi ya vingine. Viganja vya mtu mzima. Nyumba ya mzee haiko mbali na pale, na hakuna aliyesikia mtu akigonga.

Anitha hakuwa analia. Alikuwa mwekundu, nywele zimelowa, macho nusu wazi yasiyonitazama. Nilimbeba nikiita, nadhani nilikuwa naita jina la mama yangu. Mama Gaudensia akaninyang'anya mtoto, akamvua nguo zote, akamlaza kivulini juu ya majani ya mgomba, akawa anamwagia maji kidogo kidogo na kumpepea kwa ungo. Baada ya muda mtoto akatoa sauti kama ya paka mdogo, kisha akalia. Tukampakia garini, Mama Gaudensia amempakata, tukakimbilia zahanati. Simu ilikuwa bado kwenye chaja. Niliitazama. Alamu ilikuwa inaonyesha alama ya kijani, na maneno ya kwamba kila kitu kiko sawa.

Muuguzi alimhudumia, akasema mmewahi, dakika chache zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Mimi nikatoka nje. Unajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa nikafuta vioo. Adela, niliyempigia simu, alipofika kwa bodaboda, vilikuwa safi.

Akamkumbatia mtoto muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulijuaje kwamba yuko garini?"

Ningeweza kusema palepale. Maneno yalikuwa mafupi: nilimsahau. Badala yake nikasema, "Alamu ililia."

Adela akakaa chini kwenye benchi. "Mungu ambariki kaka," akasema.

Uongo ule haukubaki ndani. Adela aliusimulia shuleni kwa moyo mweupe. Jumapili iliyofuata alinisimamisha kwenye jumuiya yetu nitoe ushuhuda, nami nikasimama, nikashuhudia jinsi simu ilivyolia nikiwa shambani, na watu wakapiga makofi. Ushuhuda wa uongo, mbele ya msalaba na mishumaa. Waliokuwa na magari wakaomba namba ya kaka. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Domina, rafiki wa Adela, aliyekuwa anahamia Biharamulo na mumewe, fundi wa kuchomelea. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili, Erick.

Nilirudi Lukole mara moja, kuwashukuru. Nikamuuliza Mama Gaudensia juu ya mwanamke mwenye mbeleko. Yeye mwenyewe aliingia nchini miaka ile ya vita na wakimbizi kutoka Burundi, akaishi kwenye kambi iliyokuwa Lukole, akaolewa hapohapo. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Alikuwa mwenzetu wa kambini," akasema. "Alimlaza mtoto ndani ya hema la turubai, akafunga mlango asitoke, akaenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Unajua turubai likipigwa na jua la mchana?"

Nikasema najua.

"Baada ya hapo hakula. Alikuwa anapita hema kwa hema anauliza mtoto yuko wapi. Tulimzika kabla ya mvua." Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Baba Anitha, nasikia Ngara wanasema simu ndiyo ililia."

Nikaaga.

Mwezi wa nne baada ya pale, mume wa Domina alimpeleka Erick sokoni Biharamulo. Mtoto alikuwa amelala. Baba akashuka kununua vyuma, akakutana na watu, wakaongea. Simu yake aliiacha garini, kwenye chaja, kama mimi. Hakuna aliyekuja kumuuliza kitu.

Tulikwenda kuzika. Nilimtafuta yule mama kwa macho katikati ya waombolezaji, nilimtafuta barabarani tukienda na tukirudi. Hakuwapo. Kwa nini alinijia mimi, asimwendee yule? Nimejiuliza hadi kichwa kimechoka. Jibu ninaloliogopa ni hili: huenda mimi ndiye niliyetumwa kwa yule baba. Mimi nilijua. Nilikuwa na miezi minne ya kumwambia asiiamini alamu.

Baada ya maziko, nyumbani kwao, mume wa Domina alinifuata. Macho yake yalikuwa makavu. "Baba Anitha," akasema, "yako ililia. Yangu mbona haikulia?"

Nilimwambia hapohapo, mbele ya Adela. Kwamba yangu pia haikulia. Kwamba nilisahau, na simu ilikuwa kwenye chaja, na nikadanganya kwa aibu. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Ni Domina aliyesema neno moja tu, akimwambia Adela, si mimi: "Angesema tu kwamba alimsahau."

Sasa Anitha ana miaka mitatu, mzima, anaimba kutwa. Adela analala chumbani kwa mtoto. Tunaongea habari za chakula na karo. Gari limeuzwa, nami natembea. Mchana jua likiwa kali nasikia mtu akiniuliza swali lile kwa Kirundi, nageuka, hakuna mtu, na hata kama mtoto ameshika mkono wangu namtazama kwanza ndipo napumua.

Vifaa vipo, nunua kama unaweza, sikukatazi. Lakini ukifika mahali na mtoto amelala nyuma, mwambie mtu wa kwanza utakayekutana naye, kabla hata ya shikamoo: nina mtoto garini. Weka kiatu chako kimoja pale kwenye kiti chake, ili usiweze kwenda mbali bila kurudi. Na kama imewahi kukutokea ukamsahau hata kwa dakika moja, liseme jambo hilo. Lisemee jumuiyani, kazini, sokoni, popote, waache wakucheke na wakusengenye. Kuna mzazi mahali fulani anasubiri kulisikia, na hajui kwamba anasubiri.