Profesa Kikapu na Swali la Saba

Wanafunzi wake walimwita Profesa Kikapu, naye wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha uchumi katika chumba ambacho madirisha yake hayakufungika na chaki zilivunjika kabla ya kugusa ubao, na miaka yote hiyo hakumruhusu mtu kushika kanuni yoyote kabla hajaenda sokoni kuuliza bei kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye naye alikwenda kila Jumamosi, kikapu mkononi na daftari ndani ya kikapu. Wauzaji wakimwona tu, hao wanacheka: "Anakuja mama wa maswali! Hanunui nyanya mpaka umwambie jana ilikuwa bei gani, na juzi, na mwaka juzi!"

Mwanafunzi mmoja, binti mjanja kupita kiasi, aliwahi kuandika bei ya mayai bila kutoka bwenini. Profesa akaisoma kazi yake, akavua miwani taratibu.

"Vizuri. Yule muuza mayai anakaa kulia kwa muuza vitunguu, au kushoto?"

"Kulia, Profesa."

"Muuza vitunguu aliondoka soko lile mwaka jana, binti yangu."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze, na kesho yake asubuhi na mapema alikuwa sokoni, kalamu mkononi.

Mama yake Profesa, mpishi wa hospitali, hakupata kuelewa kazi hii mpaka anastaafu. "Mwanangu anafundisha bei," aliwaambia majirani, "kana kwamba bei zinahitaji kufundishwa kupanda."

Basi siku Profesa alipoteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu, alikuwa darasani na simu ameizima kama kawaida yake. Mkuu wa kitivo alikuja mbio mpaka mlangoni, tai imemkaa begani, akihema. Wanafunzi ndio waliosoma habari kwenye simu zao, wakapiga makofi na kugonga meza. Profesa aliwaacha washangilie kidogo, kisha akawaambia kipindi hakijaisha. Akafundisha mpaka dakika ya mwisho.

Haya, huko Benki Kuu si wote waliopiga makofi. Naibu Gavana alikuwa ameingia mle ndani akiwa karani, akapanda ngazi moja moja kwa miaka thelathini, na kiti kile alikuwa ameshakikalia moyoni. Mtu mchapakazi, sitaki kumsingizia, lakini kidonda kilikuwa kibichi. "Tumeletewa mwalimu," alisema kwenye korido, akijua atasikika. "Tujiandae kusahihishiwa insha." Profesa alisikia, akapita zake. Alijua hapo ndani maneno hayamtetei mtu. Kinachomtetea mtu ni uamuzi wake wa kwanza.

Uamuzi wenyewe haukukawia. Mwezi wa pili tangu aingie, ofisi ya takwimu ilitoa takwimu za mfumuko wa bei, na lo! Kutoka asilimia tano na ushee mpaka karibu tisa, kwa mwezi mmoja. Magazeti yakapiga yowe. Naibu akaja na pendekezo lililokwishaandikwa: riba ipandishwe kwa pointi mbili, na kamati ya riba iketi Jumanne. Kila mkopo nchini ungekuwa mzito zaidi, na wenye karakana na vibanda ndio wangeumia kwanza. Lakini bei zikiachwa zikimbie, wanaoumia ni hao hao.

Profesa alikosa raha. Kitabu kilimwambia pandisha. Kikapu kilimwambia hapana, kwa sababu Jumamosi ile alikuwa amezunguka soko zima na hakuona cha ajabu. Mchele ule ule, sabuni ile ile, mafuta yamepanda kiduchu. Je, Gavana atasimama mbele ya taifa aseme, "Nimeuliza muuza nyanya"? Wangemcheka mpaka machozi yawatoke.

Kutoka sokoni alipitia kwa mdogo wake, fundi cherehani mwenye mashine nne za mkopo, amkunjie upindo wa sketi ya kuvaa Jumanne. Akapanda juu ya kigoda. Mdogo wake akapiga magoti, pini mdomoni, huku akilalamika, maana huyo hata pini hazikumzuia kusema.

"Dada, usitikisike. Na hiyo riba yenu mkiipandisha, mashine mbili zinarudi dukani, nakwambia mapema. Halafu mwenye nyumba naye ameota pembe! Siku hizi hataki kodi ya mwezi. Anataka miezi mitatu kwa mkupuo, na mtaa mzima wenye nyumba wameigana."

"Amepandisha?"

"Hajapandisha hata senti. Ila nilipe yote pamoja. Hata yule mama wa takwimu alipokuja kuniuliza, nilimwambia."

Profesa akageuka ghafla, pini ikamchoma paja wala asishtuke. "Alikuulizaje?"

"Si nimekwambia usitikisike! Aliuliza, mwezi huu umelipa kodi kiasi gani. Nikamtajia. Akaandika, akashukuru, akaenda zake."

Profesa alishuka kigodani, upindo nusu umekunjwa nusu unaning'inia, akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Mdogo wake alidhani dada amepata kizunguzungu, akakimbilia maji. Kumbe mwenzake alikuwa ameliona kosa lote, kuanzia kichwa mpaka mkia. Aliyelipa ya miezi mitatu aliandikwa kama kodi yake imepanda mara tatu. Na kulikuwa na lingine zito zaidi. Lile lilikuwa swali la saba la fomu ya kodi, na miaka kumi na mitano iliyopita, akiwa mshauri wa ofisi ya takwimu, aliyelitunga alikuwa yeye.

Jumatatu hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe ofisi ya takwimu, akakaa kwenye benchi la mbao pamoja na mkuu wa kitengo cha bei, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wakafungua mafaili ya nyumba mia tisa. Walipekua fomu moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Nyumba themanini na tatu kodi yake ilikuwa imepanda mara tatu kamili, bila kuzidi wala kupungua. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wote walikuwa wanangojea bei zipande, na mtu akiletewa anachokiogopa haulizi kimetoka wapi. Wakarudia hesabu kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Jibu likatoka: asilimia tano nukta tatu.

Mkuu wa bei alikohoa, akaipindua fomu upande wa nyuma palipokuwa na sahihi ya mtunzi.

"Profesa, tunaweza kuandika tu kwamba fomu ilikuwa na kasoro. Nani atakwenda kuchimbua ilitungwa na nani?"

Jamani, ushauri ule ulikuwa mtamu! Profesa aliutafuna kwa dakika nzima, tusidanganyane. Akaona kichwa cha habari magazetini, akaona meno ya Naibu. Kisha akafunga faili. "Nikificha hili, hata lile jibu sahihi litanuka," alisema. "Mficha uchi hazai. Nipe nakala."

Jumanne, watu saba mezani. Naibu alisoma pendekezo lake kwa sauti ya mtu aliyekwishashinda. Profesa akagawa nakala za fomu, akaeleza habari ya kodi, nyumba kwa nyumba, bila haraka, kama anavyoeleza darasani. Wajumbe waliinama juu ya karatasi. Naibu peke yake hakuinama.

"Na kosa la kitoto namna hii," aliuliza, "ni nani aliyelifanya?"

"Mimi."

Profesa akaipindua nakala yake, akawaonyesha sahihi upande wa nyuma.

"Swali hili nililitunga mimi. Wakati ule kila mtu alilipa kodi kila mwezi, sikufikiria kwamba watu wanaweza kubadilika. Atakayetaka kuniuliza kuhusu kazi yangu, aniulize baada ya mkutano. Sasa tuamue kuhusu riba, maana huko nje kuna watu watakaopoteza mashine kwa ajili ya swali langu."

Naibu akaishika ile fomu. Akaisoma, akaigeuza, akaitazama sahihi. Kisha akavuta kalkuleta, akapiga hesabu mwenyewe, karani wa zamani yule, akarudia tena. Wote walimngoja.

"Miaka thelathini nimekaa meza hii," alisema hatimaye. "Nimesikia kosa ni la mvua. Nimesikia ni la mafuta, la wageni, la waliotutangulia. 'Mimi' sijawahi kuisikia." Akalikunja pendekezo lake mara mbili. "Hesabu yake ni sahihi. Naliondoa."

Mikono saba ilinyooka kuiacha riba ilipo, na wa Naibu ulikuwa wa kwanza.

Nje waandishi wa habari walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Msemaji wa benki alimpa Gavana karatasi iliyosema kwamba "kasoro za kiufundi zilijitokeza". Profesa aliisoma mstari mmoja, akamrudishia, akasogelea vipaza sauti peke yake. Kule karakanani mdogo wake alikuwa amesimamisha mashine zote nne na kuiweka redio juu ya meza ya kukatia, na majirani wameziba mlango.

"Takwimu za mwezi huu si sahihi," sauti ya Profesa ilisema. "Kosa ni langu, na limerekebishwa. Riba haipandi."

Na haikupanda, mwezi ule wala mwaka ule mzima.