Mti Wenye Kofia

Kosa hili ni langu peke yangu. Nimepima miti ya msitu wa njia ya Bengamisa kwa utepe tangu ujana wangu. Zamani tulipopigwa picha, mpimaji aliegemea shina, ili wakubwa mjini waone unene wa mti.

Wiki hii Clarisse, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja na mashini ya leza aliyoazimwa kwa siku tatu. Inasimama kwa miguu mitatu, inazunguka na kupima kila shina kwa mwanga. Bila vipimo hivyo asingemaliza masomo mwaka huu.

“Papa, ikianza kuzunguka, tujifiche wote,” aliniambia. “Isione mutu.”

Niliitika, lakini moyoni nilisema huyu hajui picha za msitu. Alipojificha nyuma ya mti, mimi nilirudi kimyakimya, nikaegemea shina nene kuliko yote na kutulia kama sanamu. Nilifanya hivyo kila tulipoihamisha.

“Papa, ulijificha?” aliuliza kila mara.

“Nilijificha, binti yangu.”

Jana mashini ilirudishwa kwa wenyewe. Leo Clarisse aliniita Kisangani nione kazi yetu kwenye kompyuta. Msitu wote ulikuwa pale, nikaufurahia, mpaka alipousogeza karibu. Kila mti mnene ulikuwa umeota tumbo, mkono na kofia.

Hakunigombeza. Aliketi, akafuta macho.

“Bon, haya, papa. Huyu iko nani?”

Nilivua kofia yangu. Kule kwenye picha ilibaki kichwani.