Stesheni Iliyokalia Matangazo ya Vifo

Serikali ilipofungua biashara ya nje, redio ndogo za plastiki zilijaa madukani Mbinga. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mkumbi, nikanunua moja. Mama alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, na simu hakuwa nayo mtu. Kwa hiyo kila mchana nilisikiliza matangazo ya vifo kwenye masafa mafupi.

Wiki moja, mahali pa stesheni yetu palikuwa na mhubiri wa lugha nisiyoijua. Nilizungusha kitufe, nikainua antena, nikasogea dirishani. Mtangazaji wetu alisikika chini yake, kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Nikazima, nikaendelea kuchambua maharage.

Siku ya nne jirani yangu, mzee mwenye shamba la kahawa, alinikuta nafua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole na msiba, mwalimu. Nilidhani umeshaondoka."

"Msiba gani?"

Akavua kofia. "Mama yako. Redio yangu ile ya zamani imetangaza mara tatu. Wewe umetajwa, unaombwa ufike."

Nilisuuza shati nililokuwa nalo mkononi, nikalianika. Kisha nikatia redio kwenye mfuko, nikaenda kutafuta lori.

Nilifika kesho yake. Walikuwa wamezika siku mbili kabla.

"Tulikungoja," kaka yangu alisema.

"Redio haikusema."

"Ilisema."

Dada zangu walilia upya waliponiona. Mimi nililetewa ugali na usipa, nikala wote. Nakumbuka samaki walikuwa na chumvi nyingi.

Wakati wa kurudi nilipitia kwa fundi redio pale Mbinga, nikamweleza habari za yule mhubiri. Aliifungua redio yangu, akaigusa kwa bisibisi.

"Mhubiri wako hayuko pale unapomsikia," alisema. "Yuko mbali, juu zaidi kwenye mkanda. Redio ina masafa yake ya ndani. Stesheni yenye nguvu ikiachana na yako kwa mara mbili ya masafa hayo, inasikika mahali pa yako. Redio za zamani zina koili za kuichuja hapa mbele. Kwenye hizi mpya wamezipunguza."

"Kwa hiyo haijaharibika."

"Haijaharibika, mwalimu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Nikuongezee koili?"

"Iache."

Jumatatu niliingia darasa la nne. Watoto walisimama, wakasema pole kwa pamoja. Nikawaambia wakae, tukaanza hesabu za sehemu.