Mshono Usiovuja

Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alikuwa na wivu, na wala haukuwa wivu wa mume. Alimwonea wivu jirani yake kwa sababu ya baba mzazi wa fundi mwenyewe.

Mzee huyo alikuwa mtunza bustani wa hospitali kwa miaka thelathini na sita. Alipofiwa na mkewe, binti yake, huyo fundi, akamchukua akae naye, akampa chumba chenye dirisha kubwa na kiti chenye mito miwili aliyoishona mwenyewe. Tangu mzee ateleze bafuni, binti hakumruhusu kugusa hata ufagio. "Baba, keti. Pumzika. Mimi nipo." Na kweli mzee aliketi, mpaka chai iishe. Kisha huyo, kandambili miguuni, mlango wa pili.

Mlango wa pili alikaa karani mmoja, msichana wa juzi tu, mwenye roshani isiyotosha hata kuanika shuka. Alikuwa ameegemeza ngazi kuukuu ukutani, na kila kidato kilibeba makopo ya spinachi, vitunguu na mnanaa, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa. Roshani zao zilitenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo fundi akiwa kwenye cherehani yake alisikia kila kitu. "Babu, hii niimwagie?" "Babu, huyu mdudu gani?" Na mzee anacheka! Nyumbani kwa bintiye alikuwa anasema "asante" na "nimeshiba", basi.

"Babu, babu," fundi alisonya. "Amekuwa babu yake tangu lini?"

Roho ilimuuma. Mwishowe akapiga moyo konde: kama mzee anafuata majani, majani atayapata hapa hapa. Akanunua turubai, akashona mifuko kumi na miwili ya kuning'inia ukutani, safu juu ya safu. Na alishona kwelikweli: mshono mara mbili, plastiki nzito ndani, pembe zimekunjwa, hata tone lisipenye. Akajaza udongo, akapanda miche ya spinachi, akawa anamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayeshindana.

"Baba, njoo uone bustani!" aliita, kwa sauti aliyotaka ivuke ukuta.

Mzee akaja, akasema ni nzuri, akanyoosha mkono aguse.

"Usijisumbue, baba. Nimeshamwagilia. Wewe tazama tu."

Mzee akatazama. Kisha akavaa kandambili zake.

Wiki ya pili majani yakageuka manjano na mifuko ikaanza kunuka. Fundi uvumilivu ukamwisha, akambana baba yake mlangoni.

"Kwa yule kuna nini, baba? Mimi nakupikia, nakufulia, nakukinga hata na upepo. Yeye kakupa nini?"

Mzee alishangaa. "Yule? Hajui lolote. Nisipokwenda siku mbili, kila kitu kinakufa."

"Na mimi je?"

"Wewe unajua kila kitu."

Alisema bila kinyongo, na hapo ndipo palipouma. Akapita hadi roshani, akatia kidole kwenye mfuko wa chini, kikatoka na tope. "Umeshona vizuri mno, mwanangu. Maji hayana pa kutokea. Mizizi imekosa hewa."

Fundi alitaka kusema atatoboa mwenyewe, baba akapumzike. Maneno yalimfika kwenye meno, akayameza. Akaenda kuleta mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule asiomwazima mtu, akampa.

"Mimi sijui, baba. Nifanyie."

Mzee akapiga magoti taratibu, ameshika ukuta. Binti alificha mikono mgongoni asije akamdaka. Mfuko wa kwanza ukatobolewa, maji meusi yakamwagika sakafuni, na mzee akaanza kufoka: umwagiliaji gani huu, nani kakwambia mara mbili kwa siku, lete ndoo, siyo hiyo, ile kubwa! Miaka minne aliyokaa kwake hakuwahi kumgombeza. Fundi alikimbilia ndoo kubwa machozi yakimlengalenga, na hakuyaonea haya.

Mara sauti tamu ikavuka ukuta. "Babuuu! Leo huji?"

Wivu ule ule ukampanda fundi. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa.

"Leo hana nafasi," binti alimwahi. "Yuko kazini."