Wenye Mipini Hawakuruhusiwa Kusema Pa

Kabla hatujashushwa tambarare niliwahi kuumwa jino. Gego la kushoto. Nilikuwa kijana sijaoa, nakaa kwa mama kule mlimani, na shavu lilivimba mpaka jicho likaziba. Mama akanipeleka kwa mzee mmoja mfua vyuma, ambaye aling'oa meno ya watu kwa koleo lile lile la kushikia chuma cha moto. Akanilaza chini, akaniwekea goti kifuani, akaniuliza, "Unaogopa nini zaidi, mimi au jino?" Sijajibu, jino limetoka. Akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Siyo hili," akarudi tena.

Mzee yule alikuwa na kifua cha ng'ombe dume, kwa hiyo ndiye aliyepuliza baragumu la kijiji. Likilia asubuhi, kila mwanaume anachukua jembe, hakuna kuuliza. Ni msaragambo, kazi ya wote: kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji, au kuzibua mifereji. Asiyetokea alipeleka mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, wenzake wakanywa huku wanamsema. Ndivyo tulivyokua. Sikio la Mpare likisikia msaragambo, mkono unatafuta mpini.

Sasa sikilizeni kilichotokea huku chini Maore. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tumeshapangwa kwenye nyumba za mistari, kila mtu na shamba lake dogo pembeni ya lile la kijiji. Akapita mjumbe anatangaza, anakimbilia mtaa wa pili huku bado anasema, "Wanaume wote, Jumatatu asubuhi, uwanjani, mgambo!" Sisi tuliotoka mlimani tukasikia msaragambo. Nani alikuwa anajua mgambo ni kitu gani? Jumatatu tukafika na majembe begani, wengine na sepetu, mmoja kabeba na kiporo chake cha makande.

Uwanjani tukamkuta Afande, mkufunzi aliyeletwa kutoka Same, kaptula imepigwa pasi inakata. Akatutazama.

"Nyie mmekuja kulima au kulinda nchi?"

Mzee mmoja wa kwetu akajibu, "Afande, mwenye kuita watu ni wewe. Sisi tunangoja utuonyeshe mfereji."

Watu wakacheka, na Afande hakupenda. Akasema, "Haya. Chomoeni majembe, bakini na mipini. Hizo ndizo silaha zenu." Kosa la sikio tu, likatupa cheo. Tukaitwa Wenye Mipini kuanzia siku ile, miezi yote.

Juu yetu walikuwepo Wenye Mbao. Hao walikuwa wamesoma mpaka darasa la nne au zaidi, na seremala aliwachongea bunduki za mbao, zina kitako na mkanda wa katani. Juu ya wote alikuwepo Mwenye Bunduki. Bunduki ya kweli ilikuwa moja. Akapewa karani wa kijiji, mtu laini, nyani wanakula mahindi yake anawapigia makofi. Risasi zilikuwa ndani ya kasha, kasha lina kufuli, ufunguo uko Same. Kwa hiyo karani alikuwa anakaa kivulini anaipaka bunduki mafuta. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake.

Wenye Mbao walifundishwa kusimama. Mguu sawa, mguu pande, begani silaha, lenga, piga. Ikifika "piga" wote wanasema kwa mdomo, "Pa!" Sisi Wenye Mipini tulifundishwa kutambaa kwa tumbo kwenye mbigiri, halafu kuinuka na kuchoma gunia la makapi. Choma! Chomoa! Choma! Siku moja nimemaliza kuchoma, nikalenga gunia kwa mpini wangu nikasema, "Pa!"

Afande akanirukia. "Nani kakuruhusu kupiga risasi?"

"Nimejaribu tu, Afande."

"Mpini hauna risasi!"

"Na mbao ina risasi?"

Nikazungushwa uwanja mara kumi nimebeba lile gunia. Wenye Mbao wanacheka. Mmoja wao, tena shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananipigia kelele, "Shemeji, rudi darasa la nne upate pa yako!"

Babu yangu alikuwa ananisimulia vita vya zamani, walipokuwa wanapanda watu wa tambarare kuchukua ng'ombe. Vijana walikaa juu ya mawe na pinde, kwa sababu tangu utoto walikuwa wanalenga ndege shambani. Watu wazima wenye mikuki walisimama kwenye njia nyembamba, bega kwa bega. Mkuu wao alitangulia mbele, na mkuki wake ulikuwa mzito kuliko ya wengine, maana alikuwa na nguvu ya kuubeba. Kila mmoja alijifunza silaha atakayoitumia, na aliitumia. Hakuna aliyepewa mkuki kwa kuwa anajua kusoma. Sisi je? Adui angekuja, tungemwambia pa?

Lakini hilo silo lililonichoma mpaka leo. Kilichonichoma ni maji. Zamu yangu ya maji ilikuwa Alhamisi, asubuhi mpaka jua la utosi. Mahindi yangu yalikuwa yanatoa mbelewele, na mahindi yakikosa maji wakati huo ni heri ukafuge mbuzi humo ndani. Watoto watatu na mama yangu walikuwa wanalitegemea shamba lile. Na mgambo nayo, katika siku zote za Mungu, ikawekwa Jumatatu na Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza maji yalinipita nikiwa natambaa. Nikavumilia. Ya pili nikamfuata Afande kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, Afande. Naomba ruhusa nikafungue maji, nirudi."

"Ruhusa anatoa karani. Yeye ndiye mwenye silaha."

Nikaenda kivulini. Karani hakuinua kichwa, kitambaa kinazunguka kwenye mtutu. "Ndugu," akaniambia, "taifa kwanza. Mahindi yako yatangoja."

Taifa! Majani yangu yalikuwa yameshaanza kujikunja kama vidole vya maiti.

Alhamisi ya tatu tulikuwa tumelala kifudifudi, uwanja wa juu, pale mfereji unapopita. Ukiwa umelaza sikio chini unayasikia maji yanavyokuja. Nikainua kichwa. Nikayaona yanaukaribia mlango wa shamba langu, mlango umezibwa kwa magome ya migomba na tope bichi, yakaupita, yakaingia kwa karani. Na aliyesimama mle anayaelekeza kwa jembe, mguu peku, suruali imekunjwa, ni mmoja wetu. Mwenye Mpini. Karani alikuwa amempa ruhusa asubuhi ile ile.

"Taifa limeenda kumwagilia?" nikauliza kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Shemeji yangu akatazama chini.

"Lala!" Afande akasema.

Nikasimama. Nikaulaza mpini kwenye mbigiri, nikajikung'uta vumbi tumboni, nikaanza kwenda kwenye mlango wangu wa maji.

"Wewe! Nyuma geuka!"

Nilikuwa naijua amri hiyo vizuri kuliko wote, nilishaifanya mpaka kisigino kikatoboka. Sikugeuka.

"Nyuma geuka, nimesema! Ukitoka hapa usirudi!"

Nikaendelea kutembea, na sikurudi.