Alichoitikia Mzee Pumba

Mtaani walimwita Mzee Pumba, kwa sababu miaka thelathini na moja ya kusaga nafaka ilimwacha mweupe mpaka kope. Mashine ilinguruma kutwa, na mteja mwenye shida alimwonyesha kwa vidole: koboa, usikoboe, saga laini. Ile mashine ilimla masikio kama panya, inang'ata huku inapuliza, naye hakuona kitu kikipungua. Alipokuja kushtuka, alikuwa akisoma watu kwa midomo na mabega. Asichokisoma alikiitikia tu.

"Mwambie nyumba yake inaungua," wenzake walitaniana, "atakujibu, sawa bwana."

Mzee Pumba alicheka nao, kwa kuwa aliona wanacheka.

Mkewe ndiye aliyemwezea, kwa kupaza sauti. Kisha moyo wa mama yule ukaanza kuchoka, pumzi zikawa za kukopa, akabaki kunong'ona. Binti yao akawa ndiye kipaza sauti: "Baba, mama anasema ufunge dirisha." Lakini yapo maneno ambayo mke hawezi kuyapitisha kwa mtoto. Ndiyo maana mzee alikubali kwenda kupimwa.

Chumba kilikuwa kama kabati, kuta zimepigwa sponji. Mpimaji, dada mmoja mwenye miwani, alimvalisha hedifoni, akampa kitufe.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo kama wa mbu, bonyeza. Usiposikia, tulia tu, baba."

Dada akaketi upande wa pili wa dirisha la kioo. Mzee alisikia milio mitatu minne, kisha kimya. Ila kila bega la dada lilipoinuka kidogo, alijua kitu kimetumwa. Akabonyeza. Hakukusudia kudanganya. Kidole kiliitikia tu, kama mdomo wake ulivyozoea.

"Masikio si mabaya sana," alisema dada, akakiweka kifaa cha kusikilizia kulingana na mstari wa majibu uliochorwa kwenye karatasi, akamvalisha.

Nyumbani alisikia vijiko, alisikia mlango. Jumapili alasiri mkewe alipigapiga kitandani, aje akae karibu. Binti alikuwa uani akianua nguo. Mama akanong'ona, muda mrefu, akipumzika katikati. Mzee alisikia kama upepo. Midomo ile ilikuwa imekauka, haisomeki. Angeweza kusema sisikii. Lakini alimwona anavyolitafutia pumzi kila neno, angemwambiaje arudie?

"Enhe," alisema. "Sawa, mama."

Machozi yakamtoka mkewe. Nyusi zikapanda: alikuwa anauliza jambo.

"Nimekubali," mzee akajibu.

Mama akamshika mkono, akasinzia, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Jumatano walimzika.

Wiki ya tatu Mzee Pumba alirudi kwa mpimaji, akakiri yote. Dada hakumkaripia.

"Kifaa hakiyajui masikio yako, baba. Kinaijua hii karatasi tu."

Akamgeuzia kiti, mzee akatazama ukuta. Safari hii kidole kilitulia mpaka kikafa ganzi. Mstari ukaporomoka hadi chini ya karatasi, kifaa kikawekwa upya, na dada akasema taratibu nyuma ya mgongo wake, "Baba, unanipata?"

Alimpata. Akalia mpaka dada akatoka nje kidogo.

Jioni alimuuliza binti yake, "Siku ile mama alisema nini?"

"Si alikuambia wewe? Mimi niliwaona dirishani, unaitikia. Nikasema afadhali wameongea."

 Kesho yake mzee alikaza bawaba za mlango ambao mkewe aliulalamikia miaka. Akaacha ugoro. Akafunga safari kwenda kupatana na shemeji yake, ambaye walinuniana tangu binti akiwa mdogo. Akapanda upya ua la uani lililokauka. Jambo likiisha, hushika jingine.

"Baba, pumzika sasa," binti humwambia, kwa sauti ya kawaida.

"Niache kwanza, mwanangu," naye hujibu. "Labda bado sijalifikia."