Tulivyofungiwa Mlango Embu

Niliondoka Nkubu kwa sababu binti yangu Makena alikuwa amealikwa kuimba Embu, na kwetu hakuna aliyetaka kumsikiliza. Ana miaka kumi na sita. Kaka yake Mwenda, aliyemfundisha gitaa, aligongwa na lori mwaka jana akiwa juu ya pikipiki yake, akafa. Tangu hapo Makena anatunga nyimbo za ule muziki vijana wanaita emo, ndugu wa roki, ambao mtu huanza kwa kunong'ona kisha akapiga mayowe. Kanisani walimwambia aache. Shangazi zake walisema ni pepo. Mimi ni mshonaji, siujui muziki huo, lakini mayowe ya kufiwa nayajua.

Tangazo la tamasha lilitoka kwa Njeru, mwanafunzi wa chuo pale Embu, na lilisema wazi: bendi nne, moja kubwa ya kutoka Nairobi, saa nane mchana, watoto na wazazi karibuni, pombe hakuna.

Jumamosi asubuhi, Baba Zuhura alifika kwangu na pikapu yake. Yeye ni mchinjaji wa mjini Meru, na binti yake Zuhura ndiye mpiga dramu wa Makena. Bendi yao ni hao wawili tu. Alikuwa ameosha sanduku la nyama kwa maji ya moto na sabuni, lakini dramu zilipopakiwa bado zilinukia mafuta ya mbuzi. Aliniambia hapendi kelele zile hata kidogo. Nilipomuuliza kwa nini basi anatupeleka, alisema afadhali azisikie akiwa karibu.

Chuka tulisimama kunywa chai. Makena hakugusa chapati yake. Alikuwa na wimbo mmoja ambao hajawahi kuuimba mbele ya watu, ule wa Mwenda, na alitaka kuanza nao asije akaogopa baadaye. Nilimwambia aimbe akipenda, asipopenda aache. Alinijibu kwamba amechoka kuacha.

Tulipofika Runyenjes, wasichana waliomba choo cha hoteli moja, wakatoka wamevaa nyeusi tupu, macho wameyazungushia wanja mpaka shavuni. Baba Zuhura alimtazama binti yake muda mrefu. Nilidhani atatugeuza. Kisha alisema marehemu mama yake mzazi alikuwa akipaka wanja mzito kuliko huo, akawasha gari.

Embu tulifika kabla ya saa nane. Nje ya ukumbi kulikuwa na watoto wengi kuliko nilivyotarajia, wa shule za msingi na za upili, wengine wamekuja na mama zao, na walikuwa wamesimama juani. Mlango ulikuwa na soja wawili. Ndani niliona wanaume wakipanga makreti ya bia.

Njeru alitujia akiwa ameinamisha kichwa. Alieleza kwamba mwenye ukumbi ameona watu ni wengi, akaamua kuuza pombe, na kwa kuwa sheria hairuhusu watoto mahali pa pombe, walio chini ya miaka kumi na minane hawataingia. Hata wale wa kuimba. Niliposikia hivyo damu ilinipanda. Sheria ya kuwalinda watoto ilikuwa imegeuzwa fimbo ya kuwafukuza.

Nikamwomba aniitie huyo mwenye ukumbi. Alikuja, mtu wa makamo aliyevaa shati safi, na mwanzoni alikuwa na adabu.

"Mama, mimi ni mfanyabiashara," aliniambia. "Watoto hawanywi."

"Kwa hivyo hawaingii?"

"Ndio hivyo. Warudishe nyumbani wasome." Kisha akamwangalia Makena. "Na huyu umuoshe uso. Anatisha."

Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Wateja wangu huniomba nirudie ninachosema. Lakini siku hiyo kitu kilinitoka tumboni, na watu wa upande wa pili wa barabara waligeuka.

"Huyu anaomboleza! Amezika ndugu yake! Wewe ukizika unavaa nini?"

Aliingia ndani, na soja wakafunga mlango. Sikuwa na haya hata chembe.

Njeru alisimama pale akiutazama ule mlango. Baadaye alizunguka nyuma, na aliporudi alikuwa amebeba amplifaya kifuani, nyuma yake bendi mbili za Embu na vyombo vyao. Bendi kubwa ya Nairobi ilibaki ndani. Walituma mtu kusema wanasikitika. Kusikitika kwao sikukutaka, na mpaka leo sikutaki.

Jirani na ukumbi kulikuwa na yadi ya mbao. Baba Zuhura alienda kuzungumza na mwenyewe, mzee mmoja Mwembu, na sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba mzee yule hakuuliza ni muziki gani. Aliuliza kama watoto wamekula, akachomoa waya wa msumeno wake ili tuchomeke vyombo vyetu.

Makena alisimama juu ya vumbi la mbao. Alianza chini sana, hata nikafikiri maikrofoni haifanyi kazi. "Mlisema nyamaza, nikanyamaza, na yeye hakurudi." Alirudia maneno hayo, Zuhura akampigia polepole nyuma yake, na mara ya tatu akayatoa kwa yowe. Watoto wakapiga yowe naye. Mama mmoja karibu yangu, ambaye simjui, alikuwa analia kwa hasira kama mimi, akijipiga paja kwa ngumi. Baba Zuhura alikuwa amesimama kando ya spika bila kuziba masikio.

Wimbo wa pili haukuisha. Askari polisi wawili waliingia na kutuambia kwamba jirani amelalamikia kelele. Kupitia ukutani tulikuwa tunasikia spika za huyo jirani, yule yule mwenye ukumbi, kubwa kuliko zetu zote, zikitikisa mabati. Niliwaonyesha. Mmoja wao aliangalia chini, lakini waya wakauchomoa.

Tulirudi kwa njia ile ile ya Chuka. Nilikuwa nimejifunza jambo, na nawaambia ninyi wenzangu wa Nkubu mnaodai huyu mtoto ana pepo: watu watavumilia kelele ya aina yoyote ikiwa kuna anayefaidi. Ya msichana aliyefiwa ndiyo wanaiitia askari. Sitamwambia tena mtu yeyote kwamba Makena atatulia.

Tulipoanza kupanda kuelekea Igoji, Makena aliniegemea bega. Wanja ulikuwa umemchuruzika hadi kidevuni.

"Mum, ile sauti ulimpigia yule mzee wa ukumbi. Unaweza kuitoa tena? Tunataka kurekodi ule wimbo, na hapo mwisho mimi peke yangu sitoshi."

Nikamwambia naweza. Nikamwambia pia wasikawie, kwa sababu bado ninayo kooni.